Mirathi na Warithi

Katika daftari la mashamba la Thomas Jefferson wa Virginia, Marekani, majina ya watumwa yameandikwa pamoja na migao ya blanketi na samaki. Jefferson alifariki mwaka 1826 akiwa na madeni. Januari 1827 watu 130 wakatangazwa kunadiwa.

Sheria ya huko tangu 1662 ilimpa mtoto hali ya mamaye. Na daftarini watoto mara nyingi wamefuatanishwa na mama zao. Kwa mstari huohuo, vilembwe wa leo huwatafuta wazee wao.

Ndiyo maana nasema: orodha hizi tusizisome kwa idadi, tuzisome jina kwa jina. Mirathi na mrithi ni maneno ya shina moja. Walioandikwa kuwa mirathi wameacha warithi.