Ugumu wa Mchezo na Ugumu wa Somo

Wanachuo wanaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha huja na maswali mengi, na moja katika hayo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha Darasa la Tano katika shule iliyo kando ya ziwa. Darasani mwake alikuwamo mvulana ambaye kwa majuma matatu hakunyosha kidole hata mara moja katika kipindi cha Hisabati. Akiitwa ubaoni, aliinamisha kichwa. Jioni moja mwanachuo huyo alipita Mwanga, akamkuta mtoto yule yule katika kibanda cha michezo ya video. Alikuwa ameshindwa na adui mmoja mara sita mfululizo, na kila aliposhindwa alicheka, akaanza tena. Mwanachuo akatuuliza: "Mkufunzi, kwa nini mtoto huyu anaukimbia ugumu wangu na kuukimbilia ule?"

Wapo watakaojibu upesi kwamba mchezo ni rahisi na somo ni gumu. Sisi hatukubaliani nao. Mtu hashindwi mara sita katika jambo rahisi. Tunaona kwamba ugumu una namna nyingi, na kwamba mwalimu asiyejua kuzilinganisha atawapa watoto ugumu usiofundisha.

Katika vibanda hivi watoto wengi hucheza mpira wa miguu. Lakini ipo michezo ya aina nyingine, ambayo mchezaji huachiwa nchi nzima yenye milima, misitu na miji, akaenda apendako na kupambana na maadui atakaowakuta. Watengenezaji wake wana tatizo lile lile la mwalimu: wafanyeje ili mchezaji dhaifu asikate tamaa, na hodari asichoke kwa kukosa kazi? Wamelijibu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuchagua ugumu mlangoni. Katika mchezo uitwao The Witcher 3, uliotolewa nchini Poland mwaka 2015, mchezaji huulizwa mwanzoni anataka kiwango kipi kati ya vinne. Mwalimu anayewagawa watoto juma la kwanza kuwa "wepesi" na "wazito" hufuata njia hii, ila kwa kasoro moja kubwa. Mchezaji hujichagulia mwenyewe, na aweza kubadili kiwango katikati ya safari. Mtoto wa darasani huchaguliwa na mwingine, na aghalabu hubaki na jina hilo hadi amalize shule.

Njia ya pili ni kuupandisha ugumu kila mchezaji anapopata nguvu. Ndivyo ulivyofanywa mchezo wa Kimarekani uitwao Oblivion, mwaka 2006. Mchezaji akiongezeka uwezo, maadui nao huongezeka. Wachezaji wengi walilalamika, maana hata majambazi wa barabarani walianza kuonekana wamevaa deraya za thamani kubwa, na aliyejitahidi hakuona matunda ya jitihada yake. Walimu wenye bidii huangukia kosa hili bila kujua. Watoto wakishaweza kugawanya kwa tarakimu moja, siku ile ile wanapewa tarakimu mbili. Mtoto anastahili kuirudia hesabu iliyomshinda mwezi uliopita, aione imelegea mikononi mwake. Asipoonja ushindi huo, ataamini kwamba hajapiga hatua yoyote.

Njia ya tatu ni kuuacha ugumu ulivyo, lakini kumpa mchezaji njia nyingi za kuufikia. Mfano ni michezo miwili ya Kijapani: Breath of the Wild wa mwaka 2017 na Elden Ring wa mwaka 2022. Katika ule wa kwanza, mchezaji huanzia kwenye uwanda wa juu uliozungukwa na magenge, wala hawezi kutoka mpaka amejifunza mambo ya msingi. Akishashuka, dunia yote ni yake. Katika ule wa pili, karibu na mwanzo yupo mpanda farasi mwenye silaha ambaye huwashinda wageni walio wengi. Lakini hakuna anayemlazimisha mchezaji kumkabili saa ile. Aweza kumzunguka, akaenda kujiimarisha kwingine, kisha akarudi. Adui ni yule yule; aliyebadilika ni mchezaji.

Tusidhani hekima hii imetoka ng'ambo. Wazee wachezao bao barazani wanayo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, na nyingine 22 mkononi za kunamulia. Kwa mgeni ni mzigo mzito. Kwa hiyo lipo bao la kujifunza: ubao ule ule na kete zile zile, mbili mbili katika kila shimo, bila kete za mkononi. Mwanafunzi hakupewa mchezo mwingine wa kitoto. Amepewa mchezo wenyewe, umepunguzwa mambo ya kukumbuka.

Basi tulijibu swali la mwanachuo wetu. Mtoto akishindwa katika mchezo, hulipa kitu kidogo. Katika Elden Ring hupoteza akiba aliyokusanya, lakini akiba hiyo hubaki pale alipoangukia, naye aweza kuifuata, mradi asianguke tena njiani. Tena ameona kwa macho yake alikosea wapi. Darasani, mtoto yule akikosea ubaoni hulipa kwa kicheko cha wenzake, pengine na kwa kiboko, na mara nyingi haambiwi kosa lake limeanzia wapi. Ugumu wa somo haukumtisha. Kilichomtisha ni bei ya kukosea.

Hatusemi watoto wapelekwe vibandani. Fedha ya daftari hupotelea huko, na vipindi pia. Iko michezo isiyowafaa kabisa: Grand Theft Auto V wa mwaka 2013, mathalani, katika nchi za Ulaya umewekewa alama ya umri wa miaka 18. Hali kadhalika, tunajua kwamba mashine humhudumia mtoto mmoja, na mwalimu ana darasa lililofurika. Lakini kupunguza bei ya kosa hakuhitaji mashine.

Tuchukue mfano wa Kibirizi, ambako watoto huwaona wavuvi wakirejea alfajiri. Mwalimu aweza kuuliza: "Ndoo 48 za dagaa zikigawanywa kwa watu 6, kila mmoja atapata ngapi?" Jibu ni moja, na asiyelipata ameaibika. Aweza pia kuuliza: "Ndoo 48 zaweza kugawanywa sawasawa, bila kubakiza, kwa watu wangapi? Tafuteni njia zote." Wape vijiwe 48 kila kundi. Mtoto dhaifu ataanza na watu wawili, naye amepata. Hodari atasaka hadi amalize majibu yote kumi, kuanzia mtu 1 hadi watu 48. Atakayejaribu watu 5 ataona vijiwe vitatu vimebaki. Atavikusanya na kupanga upya. Kosa lake limemfundisha, wala hakuna aliyemcheka.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zimjengee mtoto akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Mambo hayo mawili hayaoti mahali ambapo kukosea ni fedheha. Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, unapoandaa somo usijiulize tu kama zoezi lako ni gumu au rahisi. Jiulize pia: mtoto akikosea hapa, atalipa nini, na ataanzaje tena? Ukiweza kulijibu swali hilo, usiogope kuwapa watoto wako kazi ngumu. Yule aliyeshindwa mara sita akicheka ameshakuonyesha kwamba wanaiweza.