Nyumba za Pwani: Kompyuta Ikokotoe, Binadamu Aamue

Hapana shaka kwamba kompyuta ni chombo chenye manufaa makubwa kwa wasanifu majengo. Kwa muda mfupi huweza kukadiria joto litakaloingia chumbani na upepo utakaopita. Hata hivyo, wapo wanaodhani kuwa kazi ya kufikiri sasa imekwisha. Dhana hiyo ni ya hatari, hasa kwa sehemu kama Kinjumbi, wilayani Kilwa.

Tuchukue mfano wa jua. Kinjumbi iko karibu na latitudo ya nyuzi 8.5 kusini mwa Ikweta. Saa sita mchana, tarehe 21 Juni, jua huwa upande wa kaskazini, yapata nyuzi 58 juu ya upeo wa macho. Tarehe 21 Desemba huwa upande wa kusini, yapata nyuzi 75. Upenu wa sentimita 60 hutia kivuli kiasi cha sentimita 96 za ukuta wa kaskazini mwezi Juni, yaani 60 mara tanjenti ya nyuzi 58. Hesabu hiyo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya mwenyewe. Ramani ya nyumba iliyochorwa kwa ajili ya Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini mwaka mzima, haitaukinga ukuta huo; na kompyuta itakokotoa kwa utiifu latitudo yoyote iliyoandikiwa.

Pili, kompyuta hutegemea takwimu za hali ya hewa. Pasipo na kituo cha karibu, msanifu hulazimika kutumia takwimu za mji wa mbali. Takwimu hizo hazimwambii maji ya masika hupita wapi kijijini. Mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kusini katika sehemu za Kilwa. Wazee wanaojua njia za maji ni hazina ambayo haimo katika programu yoyote.

Tatu, lipo suala la kuchagua. Waliojenga Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, katika karne ya 14 walitumia matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliowekea mpaka upana wa vyumba. Leo hatuwezi kuwaiga kwa kila jambo, kwani kuchimba matumbawe na kukata mikoko ovyo ni kuharibu mazalio ya samaki. Kompyuta yaweza kulinganisha gharama za saruji, udongo na makuti. Lakini kipi kihifadhiwe, na kwa faida ya nani, ni uamuzi wetu.

Hata hivyo, mazoea nayo si kipimo. Bati lisilo na dari limehesabiwa kuwa maendeleo, ilhali wanafunzi wanateseka kwa joto chini yake. Kwa hiyo twapendekeza kwamba shule zipime joto chini ya bati na chini ya makuti, saa kwa saa, katika majira ya kaskazi na ya kusi. Matokeo yaandikwe, mafundi na wazee waulizwe, ndipo kompyuta ipewe kazi.

Nyumba ikiingia maji, atakayeulizwa ni msanifu aliyetia sahihi. Kompyuta haitaitwa barazani.