Tuache Kuhesabu Miezi ya Ndoa, Tuhesabu Gramu za Mtoto



Leo tunalisema jambo ambalo wengi wetu tunalijua na wengi tumelinyamazia. Mtoto akizaliwa njiti hapa visiwani kwetu, swali la kwanza linalozunguka barazani na kwenye makundi ya WhatsApp si "ana uzito gani?" wala "maziwa anapata?" Swali ni "kwani walioana lini?" Mzazi yuko wodini, kitoto kina kilo moja na robo na mrija puani, na huku nje watu wazima wamekaa wanahesabu miezi kwa vidole.

Tunasema wazi: hiyo ni dhambi, na juu ya dhambi ni ujinga.

Ni dhambi kwa sababu dini imeshalifunga jambo hili zamani. Suratul Ahqaf, aya ya 15, inataja kubeba mimba na kuachisha ziwa kuwa ni miezi 30. Suratul Baqara, aya ya 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Tangu zama za Masahaba, wanavyuoni walitoa 24 katika 30 wakapata sita, wakasema mtoto anaweza kuzaliwa kwa miezi sita na nasaba yake ikasimama. Basi wewe unayehesabu miezi saba ya wifi yako, unatafuta nini ambacho fiqhi haijakijibu?

Na ni ujinga kwa sababu kuzaliwa kabla ya wiki 37 si jambo la ajabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti, karibu mmoja katika kila kumi. Sababu ni presha ya mimba, maambukizi, malaria, mimba ya mapacha, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Anazaa njiti bi harusi wa juzi, na anazaa njiti mwanamke mwenye miaka kumi ya ndoa na watoto wanne.

Maneno haya yanamfikia mama, na mama ndiye chakula cha mtoto. Mama mwenye hofu, asiyelala, anayelia usiku, maziwa yake hushuka kwa shida. Kwa hiyo umbeya wetu unaingia mpaka kwenye kikombe cha yule mtoto.

Tukitoka hapo tunaingia kwenye uzushi wa pili: "Maziwa yako mepesi, huyu mdogo hayatomfaa. Mnunulieni kopo." Anasema mama mkwe, anasema shangazi, anasema jirani aliyekuja kumtazama mgonjwa mwingine. Baba wa watu anakwenda kukopa anunue kopo.

Jamani, utafiti unasema kinyume. Maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati, katika wiki za mwanzo, huwa na protini nyingi zaidi kuliko ya mama aliyefikisha miezi tisa. Mwili unajua umezaa mtoto wa aina gani. Subhanallah! Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza wa Alan Lucas na mwenzake kwa watoto njiti 926. Walikuta kwamba ule ugonjwa mbaya wa utumbo kuoza, unaoua njiti wengi, uliwapata waliolishwa maziwa ya kopo peke yake mara sita hadi kumi zaidi kuliko waliopewa maziwa ya mama peke yake. Hao walikuwa Uingereza, kwenye maji safi na umeme usiokatika. Sisi tunachanganya kopo kwa maji gani?

Na dang'a, yale maziwa ya njano ya mwanzo ambayo baadhi yetu bado tunaambiwa tuyamwage kwa sababu ni "machafu", kwa njiti ni kinga ya kwanza anayoipata duniani. Yakamuliwe mapema, ndani ya saa za mwanzo, hata kama ni matone. Mtoto chini ya wiki 32 hadi 34 mara nyingi hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, ndiyo maana anapewa kwa mrija, halafu kwa kikombe kidogo. Mama akamue mara nane au zaidi kwa siku, na usiku asiruke. Kasi hiyo ndiyo inayoleta maziwa.

Tuwe waadilifu pia. Kuna njiti wadogo sana ambao maziwa ya mama peke yake hayatoshi kwa kukua, daktari akaongeza kirutubisho. Madini ya chuma na vitamini D nayo wanayahitaji, kwa sababu akiba ya chuma mtoto huiweka tumboni katika miezi mitatu ya mwisho, na hawa hawakuimaliza. Hayo aamue daktari aliyempima mtoto, si jirani aliyeona tangazo. Na maziwa ya mama yakikosekana, kabla ya kopo yapo maziwa ya mama mwingine. Tunajua mafaqihi waliokutana Jeddah mwaka 1985 walikataa benki za maziwa, kwa kuchelea undugu wa ziwa kupotea bila kujulikana. Lakini mama mmoja anayejulikana, aliyepimwa hospitali, jina lake likaandikwa na familia zote mbili zikajua, huyo hakuleta utata. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alinyonyeshwa na Bibi Halima.

Tunajua neno hili linalofuata litawaudhi wengine. Asali, maji ya zamzam, maji ya sukari, dawa ya mchango: visiingie kinywani mwa njiti. Asali haifai kwa mtoto yeyote chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Tahniki ni sunna na tunaipenda. Lakini si faradhi, na dini yetu imekataza kudhuru. Mtoto akiwa na mrija, subirini mpaka daktari aruhusu. Sunna haikimbii.

Sasa baba. Tunakusikia ukisema, "Mimi nitafanya nini, hayo mambo ya wanawake." Aya ile ile ya 233 imekupa wewe jukumu la chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, kwa kadiri ya uwezo wako. Fedha uliyotaka kununulia kopo, nunua samaki, mayai, maharage, mchicha, boga, supu ya kuku. Mama ale mara tatu na zaidi, anywe maji. Na ukishamaliza, vua shati.

Ndiyo, vua shati. Njia ya kangaruu, ya mtoto kukaa kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa uhaba wa mashine za joto. Leo si dawa ya maskini tena. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, uliwachukua watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mpaka hali itulie, vifo vyao ndani ya siku 28 vilipungua kwa robo. Faida ilikuwa wazi mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku. Mama peke yake, mwenye mshono na usingizi, hawezi saa hizo zote. Kifua cha baba kina joto, na cha bibi kina joto. Leso ipo.

Nanyi mnaomwangalia mtoto huyu baadaye, acheni "mbona hajakaa, wa fulani walizaliwa mwezi mmoja na yule anatambaa." Aliyezaliwa miezi miwili kabla, akifika miezi sita, mhesabuni kama wa miezi minne, na endeleeni hivyo mpaka afike miaka miwili. Vipo hata vipimo vya ukuaji vilivyotengenezwa mahsusi kwa njiti, kutokana na mradi uliopima watoto wa miji minane ya dunia, Muscat na Nairobi ikiwemo. Kliniki apimwe uzito, urefu na kichwa, kwa sababu kichwa ndicho kinachoonyesha ubongo unavyokua. Mashavu manene siyo kipimo.

Kwa waajiri na watunga sheria tuna neno moja. Mama hawezi kukamua mara nane kwa siku akiwa kaunta ya hoteli. Doris Mollel, aliyezaliwa njiti yeye mwenyewe, amepigania muda wa mama hawa kwa miaka, na Bara sheria za kazi zikarekebishwa mwaka 2025 ili likizo yao iongezwe. Mambo ya kazi hapa Zanzibar si ya Muungano, yako mikononi mwetu. Haki hiyo ikiwa imeandikwa ifuatwe, ikiwa haijaandikwa iandikwe. Na wodini mama apewe kitanda na chakula, asilale kwenye benchi kisha aulizwe maziwa yako wapi.

Basi ukisikia kuna njiti amezaliwa mtaani kwenu, usipige simu kuuliza tarehe ya ndoa. Peleka supu. Fua leso. Kaa na watoto wakubwa ili mama akamue. Na akipita mtu anahesabu miezi, mwambie tuhesabu gramu: jana alikuwa na ngapi, leo ana ngapi.

Allah awakuze njiti wetu wote, awape mama zao nguvu na awalipe wanaowasaidia. Amin.

Wabillahi tawfiq.