Simu na Shauku ya Kiingereza

Kijana wa Shimoni, huku pwani ya Kenya, aliyejaaliwa kuingia chuo kikuu, kiwe cha Pwani kule Kilifi au kile cha Ufundi cha Mombasa, hukuta masomo yakisomeshwa kwa Kiingereza, naye aghalabu hakukizoea ila darasani. Ndiyo maana nazikubali kwa moyo mkunjufu programu za simu za kufunzia lugha kama Duolingo, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2012, ambazo humhesabia mwanafunzi siku alizosoma mfululizo na kumtunukia alama, hata akaona haya kuukata mfululizo wake. Walakini shauku itokayo katika alama ni shauku ya kuzilinda alama: mtu aweza kudumu mwaka mzima akigusa kioo, asithubutu kumuuliza mhadhiri suali moja.

Kinyume chake, mabaharia wetu wapelekao wageni visiwa vya Kisite na Wasini, na wale wawatembezao katika mapango ya watumwa, wengi wao wamekipata Kiingereza kwa kunena na watu, kwani riziki yao imo ndani yake. Basi enyi wahadhiri, simu na ziwape wanafunzi msamiati, lakini likizoni waagizeni wafuatane na mabaharia hawa gatini, wakaseme.