Si Lazima Kusongamana Ili Kuona Fataki

Wapo wazazi wanaoamini kwamba asiyesimama mbele ya kasri la Cinderella hakuziona fataki. Imani hiyo ndiyo huwaponza wengi katika Magic Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka wa 1971 katika jimbo la Florida, Marekani. Watu hujazana barabarani Main Street mapema, na hatimaye mtoto wa miaka mitano huambulia kutazama migongo ya watu wazima. Naye kalipiwa kiingilio!

Twawashauri wazazi, na walimu waandamanao na wanafunzi, warudi nyuma. Ng'ambo ya ziwa la Seven Seas Lagoon, penye gati la kivuko, nafasi ni kubwa zaidi na mtoto huona bila kubebwa. Hatukatai kwamba kutoka huko kasri huonekana dogo, na picha zinazomulikwa kutani mwake hazibainiki. Lakini fataki hupasuka juu angani, nayo maji huzirudisha rangi zake. Aidha, mwanafunzi atajionea somo la fizikia: mwanga hufika papo hapo, mlio ukafuata, kwani sauti huhitaji takriban sekunde tatu kupita kilomita moja. Na aanze kuhesabu mara cheche zichanuapo.

Fataki zikiisha, waliosimama gatini wamo karibu na maegesho ya magari, ilhali wenzao wa Main Street wangali foleni wakingoja kivuko, watoto wamelala mabegani.