Gesi ya Ziwa Kivu: anayeweka pesa ahesabu na hatari ya raia

Ndani ya Ziwa Kivu kuna gesi ya metani inayokadiriwa kufika mita za ujazo bilioni 60. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unatoa umeme. Upande wa Kongo, Januari 2023 serikali ilitangaza makampuni matatu yaliyopewa vitalu vya Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Hata hivyo, jamaa nyingi za Goma zingali zinapika kwa makala.

Mwenye pesa huangalia bei na faida. Hapa kuna hatari nyingine. Mji ulitekwa na M23 Januari 2025: kibali kilichotolewa Kinshasa kitalindwa na nani? Volkano ya Nyiragongo ililipuka 2002 na 2021. Tena ziwa lina kabonidioksidi nyingi kuliko metani. Gesi hiyo iliua watu wapatao 1,700 Ziwa Nyos, Kamerun, mwaka 1986. Metani ikitolewa vizuri, hatari inaweza kupungua. Maji yakirudishwa vibaya ziwani, inaweza kuongezeka.

Kampuni ikishindwa, itapoteza pesa. Raia na wahami walio kando ya ziwa hawana pa kukimbilia. Kwa hiyo ukaguzi wa wazi utangulie, na umeme uwafikie wao pia.