Mali Bila Daftari

Wako watu wanaodhani kwamba kitu cha kale chenye thamani ni kile cha dhahabu tu, na kwamba vyombo vya mbao vya babu zetu ni kuni. Leo nataka kuwaonyesha wasomaji wangu, hasa wa Meru na Embu, kwamba dhana hiyo si ya kweli. Shahidi wangu ni meza moja iliyoko Ufaransa.

Mwaka 1779, Austria na Prussia zilipatana katika mji wa Teschen baada ya kuipigania Bavaria. Balozi wa Ufaransa, Baron de Breteuil, alikuwa miongoni mwa wapatanishi. Kwa kumshukuru, mtawala wa Saxony alimzawadia meza iliyotengenezwa na sonara Johann Christian Neuber wa Dresden. Ina mapambo ya shaba iliyopakwa dhahabu, na juu yake pamepachikwa vipande 128 vya mawe ya rangi mbalimbali. Ukoo wa Breteuil uliitunza kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 2015, makumbusho ya Louvre, Paris, yaliinunua kwa euro milioni 12.5, na zaidi ya milioni moja ya fedha hizo zilitolewa na wananchi waliochangishana.

Lakini kilichonivutia zaidi si dhahabu. Kila jiwe lina namba yake, na meza ina kijitabu chake kinachoeleza kila namba ni jiwe gani na lilitoka wapi. Basi meza ile haijawahi kuwa bubu.

Sasa turudi nyumbani. Kigoda cha mzee wa Meru au Embu huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la muringa. Hakina dhahabu, lakini kazi yake ni ileile iliyompatia yule balozi zawadi, yaani kupatanisha watu. Mzee alikikalia barazani kesi za mipaka, mahari na damu zilipoamuliwa. Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru lenye makao yake Nchiru, limejulikana kwa kazi hiyo hadi leo. Wala ufundi wa kupachika si wa Ulaya peke yake, kwani jirani zetu Wakamba wamepachika nyaya za shaba juu ya vigoda vyao kwa ustadi mkubwa.

Tofauti ni kijitabu. Mzee akifariki, kigoda hubaki pembeni, wajukuu wasijue kilichongwa na nani wala kilishuhudia kesi gani. Akipita mnunuzi, kinauzwa kwa bei ya karo ya muhula mmoja. Mimi simlaumu mzazi aliyebanwa na karo. Lakini kitu kisicho na habari zake hakiwezi kujitetea sokoni, na mnunuzi hutaja bei aitakayo.

Hasara hii si ndogo. Uchunguzi uliofanywa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Ujerumani, na matokeo yake kuonyeshwa Nairobi mwaka 2021, ulikuta zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya katika makumbusho ya ng'ambo. Mara nyingi vitu vya namna hii huandikwa jina la kabila tu, bila jina la mchongaji wala la mwenyewe. Hata tukirudishiwa vyote kesho, tutavirudisha kwa ukoo gani?

Wengine watasema kutunza ni kazi ya serikali. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2006 inalinda urithi wetu, na Meru ina makumbusho yake katika jengo la zamani la Mkuu wa Wilaya. Lakini sheria haiwezi kukumbuka jina la babu yako. Hapana budi kila ukoo, kutoka Runyenjes hadi Maua, ununue daftari, uwaulize wazee walio hai, na kuandika: kigoda hiki ni cha nani, kilichongwa na nani, na nani walipatanishwa mbele yake. Picha ya simu ibandikwe pembeni. Kazi hiyo haitaki mamilioni, inataka jioni moja tu na mzee.

Waswahili walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.